Funga Kitabu, Chora Ramani: Ramani za Mawazo za Mtandaoni Darasani

  Kalamu yangu inawasha, nayo isipoandika haitulii.

Katika makala haya nataka tuzungumze kuhusu chombo kimoja ambacho kimekuwa kikibisha hodi katika madarasa yetu huku Eastlands, nacho ni ramani ya mawazo inayochorwa kwenye mtandao. Nitaeleza ni kitu gani, ilitoka wapi, inafanya kazi vipi, na darasa lenye wanafunzi 50 na kompyuta chache linaweza kuitumia namna gani. Lakini kabla hatujafika mbali, kuna jambo moja ambalo ningependa uondoke nalo hata ukisahau mengine yote. Ramani haimfundishi mtu kwa sababu inapendeza, wala kwa sababu imechorwa kwa kompyuta. Humfundisha yule aliyeichora kwa kichwa chake, kitabu kikiwa kimefungwa. Nitakuonyesha kwa nini.

RAMANI YA MAWAZO NI KITU GANI?

Hebu chukua karatasi nyeupe. Katikati andika mada unayoisoma, kisha uizungushie duara. Kutoka kwenye duara hilo chora matawi manene, kila tawi likibeba wazo kuu moja. Kutoka kwa kila tawi chora vitawi vyembamba vya mawazo madogo. Usiandike sentensi nzima. Neno moja au mawili yanatosha. Kila tawi lipe rangi yake. Basi! Hiyo ndiyo ramani ya mawazo.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Nyanya yako anapokueleza habari za ukoo wenu, hakusomei orodha kama ya kwenda sokoni. Huanza na babu mmoja, akashuka kwa watoto wake, kila mtoto na mji wake, kisha wajukuu. Mara anavuka hadi tawi jingine kukukumbusha kwamba shangazi fulani ndiye aliyemlea baba yako. Yeye hana karatasi, lakini ramani anayo kichwani. Ndiyo maana hapotei hata akikatizwa mara kumi na watoto wanaotaka chai.

Sasa linganisha na noti zetu za kawaida. Noti hutiririka kutoka juu ya ukurasa hadi chini, mstari baada ya mstari. Jambo kuu na jambo dogo yote yamevaa sare moja. Mwanafunzi akizisoma usiku wa kuamkia mtihani, anaweza kukumbuka kwamba kitu fulani kiko "ukurasa wa kushoto, karibu na chini," lakini hajui kinahusiana vipi na kile kilichotangulia. Hayo ndiyo tunayoyaita "kukremu" huko vichochoroni mwa mabweni. Mtihani ukigeuza swali kidogo tu, mambo yanaharibika.

Ramani ya mawazo ina ndugu yake aitwaye ramani ya dhana, na watu wengi huwachanganya. Ramani ya mawazo ina kitovu kimoja na matawi yanayotoka hapo. Ramani ya dhana inaweza kuwa na vitovu vingi, na kila mshale unaounganisha dhana mbili huandikwa kitenzi: "hujumuisha", "husababisha", "hutumia", "hutegemea". Kwa ufupi, ya kwanza inakuuliza, "Ni mambo gani yaliyomo?" Ya pili inakuuliza, "Yanahusianaje?" Mwanafunzi mwerevu huanza na ya kwanza akamalizia kwa ya pili, kama tutakavyoona.

ILITOKA WAPI?

Jina linalotajwa sana ni la Tony Buzan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1942 na kufariki mwaka wa 2019. Mnamo 1974 alikuwa na mfululizo wa vipindi vya televisheni vya BBC kuhusu namna ya kutumia akili, na humo ndimo jina la ramani ya mawazo lilipoanza kuenea. Yeye ndiye aliyesisitiza rangi, picha, na neno moja kwa kila tawi.

Ramani ya dhana nayo ilitokana na kazi ya Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa wakichunguza jinsi ujuzi wa watoto katika sayansi unavyobadilika mwaka baada ya mwaka. Waliwahoji watoto, wakajikuta wana rundo la mahojiano yasiyosomeka kwa urahisi. Wakaamua kuyachora. Tazama jambo hili vizuri: ramani ilianza kama njia ya mwalimu kuona kilichomo ndani ya kichwa cha mwanafunzi, wala haikuwa pambo la ukutani.

Je, inasaidia kweli? Mwaka wa 2006 watafiti wawili, John Nesbit na Olusola Adesope, walikusanya matokeo ya tafiti 55 zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 5,800 wa viwango mbalimbali. Waligundua kwamba kwa jumla, wanafunzi waliotumia ramani za dhana walihifadhi mambo vizuri kuliko wale waliosoma tu maandishi au kusikiliza mhadhara. Kwa hivyo si porojo. Lakini ngoja kwanza, kuna utafiti mwingine unaotia pilipili kwenye mchuzi huu. Nitaufikia.

TUCHORE MOJA PAMOJA

Tuchukue mada inayowahangaisha wengi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili: fasihi simulizi. Katikati tunaandika FASIHI SIMULIZI. Kutoka hapo tunachora matawi sita, yaani hadithi, ushairi simulizi, semi, maigizo, mazungumzo na ngomezi.

Kwenye tawi la semi tunaning'iniza methali, vitendawili, nahau, misemo, lakabu na vitanza ndimi. Kwenye mazungumzo tunaweka soga, malumbano ya utani, ulumbi, mawaidha na maapizo. Kwenye hadithi tunaweka hurafa, hadithi za usuli, za mtanziko, za mazimwi, mighani na visasili. Kwenye maigizo tunaweka miviga, vichekesho, ngonjera na michezo ya watoto. Tawi la ngomezi, yaani sanaa ya kupitisha ujumbe kwa ngoma, litakuwa jembamba, na wembamba huo wenyewe unakwambia kitu: ama tawi hilo lina mambo machache, ama hujalisoma vya kutosha!

Hapo umepata ramani ya mawazo. Wengi huishia hapo, wakabandika ukutani, wakaenda zao. Lakini sasa ndio wakati wa kumwita yule ndugu wa pili. Chora mishale inayovuka kutoka tawi hadi tawi. Hadithi "hutumia" nyimbo, kwa hiyo mshale unatoka kwenye hadithi hadi kwenye ushairi simulizi. Ulumbi "hupambwa kwa" methali, kwa hiyo mshale unavuka kutoka mazungumzo hadi semi. Miviga kama ya jando "hubeba" nyimbo na pia mawaidha, kwa hiyo hapo tuna mishale miwili.

Mtahini hupenda sana kukaa kwenye mishale hii. Akiuliza, "Eleza umuhimu wa nyimbo katika hadithi," hakuulizi kuhusu tawi moja, anakuuliza kuhusu mshale. Aliyekremu orodha atasema, "Lakini hili halikuwa kwenye noti!" Aliyechora mshale atatabasamu na kuanza kuandika.

KWA NINI MTANDAONI?

Mwanachama mmoja aliniuliza swali zuri tulipokuwa tukijadiliana: "Sasa kama karatasi inatosha, kompyuta ni ya nini? Si ni kujisumbua tu?" Nikamjibu kwamba karatasi inatosha kabisa kwa mtu mmoja na mada moja. Lakini kuna mambo manne ambayo karatasi hayawezi.

Kwanza ni marekebisho. Ukiweka ngonjera kwenye tawi lisilofaa, kwenye karatasi itabidi ukate au uchore upya. Kwenye kompyuta unalishika tawi kwa kipanya, unalivuta na vitawi vyake vyote hadi mahali pake.

Pili ni ushirikiano. Programu kama MindMeister, iliyoanza mwaka wa 2007, na Coggle huruhusu watu kadhaa kufungua ramani moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Unaona tawi likichomoza lenyewe kwa sababu mwenzako aliye upande wa pili wa chumba ameliandika sasa hivi. Ukiona amekosea, mnajadiliana papo hapo.

Tatu ni viambatisho. Karatasi haiwezi kusema. Kwenye ramani ya mtandaoni unaweza kubandika picha au kiungo kwenye tawi. Kwa fasihi simulizi hili ni jambo kubwa. Fikiria darasa ambalo kila mwanafunzi wakati wa likizo amerekodi kitendawili au hadithi kutoka kwa mzee wa mtaani kwao, mmoja Kaloleni, mwingine Kayole, mwingine Dandora, kisha viungo vya sauti hizo vikaning'inizwa kwenye matawi yanayostahili. Huo si utafiti wa nyanjani tunaoambiwa kila siku?

Nne ni uhifadhi. Karatasi ya manila huraruka, hulowa, au hufungiwa maandazi. Ramani iliyohifadhiwa hukaa hadi darasa la mwaka ujao liikute, liikosoe na kuiendeleza.

Ni vizuri pia kujua kwamba si lazima intaneti iwepo kila wakati. Kuna programu za bure, kwa mfano FreeMind na mwanawe Freeplane, zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe na kufanya kazi bila mtandao. CmapTools, iliyotengenezwa na taasisi moja ya utafiti huko Florida, Marekani, ilikusudiwa hasa ramani za dhana, na inakuruhusu kuandika vitenzi juu ya mishale. Zile za mtandaoni kwa kawaida hudai ujisajili, na akaunti ya bure huwa na kikomo cha idadi ya ramani au cha mambo unayoweza kufanya. Soma masharti kabla ya kufurahi.

SOMO KUTOKA KWA MATATU

Nimesema kwamba anayefaidika ni yule anayechora. Hapa hapa Nairobi tuna mfano mmoja wa hakika, ingawa hautoki darasani la Kiswahili. Unatoka kwenye matatu.

Kwa miaka mingi matatu zilikuwa zikibeba watu wa jiji hili bila ramani rasmi ya umma. Kila makanga alijua njia yake, kila abiria alijua yake, lakini hakuna aliyekuwa na picha nzima. Ukiwa umezoea namba 58 ya Buruburu, ukiambiwa uende Kawangware ilikuwa ni kuuliza watu steji baada ya steji. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakashirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani katika mradi ulioitwa Digital Matatus. Wanafunzi wa chuo walipanda matatu wenyewe, simu mkononi, wakirekodi kila kituo na kila kona. Mwaka wa 2014 ramani ikatolewa, njia zimepakwa rangi kama matawi ya mti yanayotoka katikati ya jiji. Mwaka wa 2015 habari hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Mimi na wewe leo tunaweza kuitazama ramani hiyo na ikatusaidia. Lakini ni nani aliyezijua njia za Nairobi vizuri zaidi, mimi niliyeitazama au mwanafunzi aliyekaa kwenye matatu akaandika kila kituo? Jibu unalijua. Kumiliki ramani na kuchora ramani ni vitu viwili tofauti.

UGONJWA WA KUNAKILI

Sasa nimefika kwenye ile pilipili. Mwaka wa 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Katika jaribio lao la kwanza waliwapa wanafunzi 80 maandishi ya sayansi, wakawagawa katika makundi manne. Kundi moja lilisoma mara moja tu. La pili lilisoma na kurudia. La tatu lilichora ramani ya dhana huku maandishi yakiwa mbele yao. La nne lilisoma, likaweka maandishi kando, likaandika yote liliyoyakumbuka, kisha likasoma tena na kujaribu kukumbuka tena.

Wiki moja baadaye wote walipewa mtihani. Kundi la nne liliwashinda wote, wakiwemo wale waliochora ramani. Tena kuna jambo la kuchekesha na kusikitisha: wanafunzi wenyewe walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, wale waliosoma na kurudia ndio waliojiamini zaidi, na wale wa kundi la nne ndio waliojiamini kidogo kabisa. Yaani njia iliyowafaa zaidi ndiyo iliyowafanya wajihisi hawajui! Si hivyo ndivyo tunavyojihisi tunapofunga kitabu? Unasoma ukurasa mara tatu, unajiambia, "Hii nimeishika." Ukifunga kitabu, giza.

Je, hii ina maana kwamba ramani haifai? La hasha. Watafiti hao hao walirudi na utafiti mwingine mwaka wa 2014. Safari hii baadhi ya wanafunzi walichora ramani baada ya maandishi kuondolewa. Ramani ya namna hiyo ilifanya kazi vizuri sawa na kuandika yote unayokumbuka. Tofauti haikuwa katika ramani yenyewe, ilikuwa katika kitabu: kimefunguliwa au kimefungwa?

Hapa ndipo vyombo vya mtandaoni vinapoweza kutusaidia au kutuangamiza. Kwenye kompyuta ni rahisi mno kunakili. Unafungua kitabu upande mmoja na ramani upande mwingine, unahamisha maneno, unapaka rangi, unatumia dakika 20 kuchagua umbo la mstari. Mwishowe una ramani inayometameta kama matatu mpya ya mtaani, lakini kichwa ni kile kile cha asubuhi. Na siku hizi kuna kubwa zaidi: programu kadhaa zina akili unde, ukiandika kichwa cha mada tu zinakuchorea ramani nzima kabla hujapepesa macho. Ni kama kumtuma mtu akakufanyie mazoezi ya mbio halafu wewe ndiye ukimbie siku ya mashindano. Mtihani hautaulizwa programu. Utaulizwa wewe, ndani ya chumba kisicho na intaneti.

Sisemi tuzikimbie programu hizo. Nasema tuzipe nafasi yake. Ramani ya mashine iwe ya kusahihishia, baada ya wewe kuchora yako. Linganisha, uliza imeacha nini, imekosea wapi. Mambo ya fasihi simulizi yetu mara nyingi huyakoroga, ikachanganya miviga na sherehe za kawaida. Ukiweza kuikosoa, ujue umeelewa.

KIPINDI CHA DAKIKA 80

Walimu wetu watanisamehe kwa kuingia shambani mwao. Huu hapa ni utaratibu ambao darasa la watu 50 linaweza kuufuata katika vipindi viwili vilivyoungana, hata kama kompyuta zinazofanya kazi ni kumi.

1. Dakika 10: Vitabu vyote vinafungwa na kuwekwa ndani ya dawati. Kila mwanafunzi, kwenye karatasi yake, anachora ramani ya mada kutoka kichwani. Hakuna kuchungulia kwa jirani. Palipo na pengo, weka alama ya kuuliza.

2. Dakika 15: Makundi ya watu watano watano. Kila mmoja anaonyesha ramani yake. Mnajadiliana mpaka mnakubaliana matawi makuu. Ikiwa wawili wanabishana kama lakabu ni semi au la, msiharakishe kuamua, maana ubishi huo ndio somo lenyewe.

3. Dakika 25: Kila kundi linaingia kwenye kompyuta moja na kuchora ramani ya pamoja. Anayeshika kipanya abadilishwe kila baada ya dakika tano, la sivyo mmoja atafanya kazi na wanne watatazama. Vitabu bado vimefungwa.

4. Dakika 15: Sasa fungua vitabu. Yote mliyoyasahau yaongezwe kwa rangi nyekundu, na yaliyokosewa yarekebishwe kwa rangi hiyo hiyo. Nyekundu ndiyo orodha yenu ya kusoma wiki hiyo. Kundi lenye nyekundu nyingi lisione haya, kwani limejua mapema.

5. Dakika 15: Kila kundi linatoa mshale mmoja tu unaovuka matawi, na kuueleza mbele ya darasa kwa sentensi moja kamili ya Kiswahili sanifu.

Baada ya wiki moja, chukua karatasi tupu na uichore ramani hiyo upya bila kutazama. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayolipa zaidi.

Mkitazama utaratibu huu mtaona unalingana na yale mtaala wa umilisi unaoyadai. Mtaala huo, ambao utekelezaji wake kote nchini ulianza mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, umetaja umilisi saba wa kimsingi, ukiwemo mawasiliano na ushirikiano, kufikiri kwa kina, ujuzi wa kidijitali na kujifunza namna ya kujifunza. Dakika hizi 80 zimegusa yote manne.

NA HALI ZETU JE?

Najua kuna atakayesema, "Wewe unaota ndoto za Abunuwasi. Sisi nyumbani tuko sita katika chumba kimoja, televisheni ya jirani inaunguruma, na bando ikinunuliwa ni ya mama kupokea pesa na kupiga simu." Ni kweli, na nisingependa makala haya yawe ya wenye kompyuta peke yao. Mwanafunzi wa Umoja mwenye Wi-Fi nyumbani na mwanafunzi asiye na simu wanakalia dawati moja na watafanya mtihani mmoja.

Ndiyo maana nimeweka karatasi kwanza katika kila hatua. Kazi inayojenga akili, yaani kukumbuka na kuunganisha, inafanyika kwa kalamu ya shilingi chache. Kompyuta inakuja baadaye, na inakuja shuleni, kwa pamoja. Mwalimu asitoe kazi ya mtandaoni ya kumalizia nyumbani, kwa sababu hapo atakuwa anapima bando badala ya akili.

Kuna maktaba pia. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017, limekuwa likizifufua maktaba za umma za Nairobi, yaani ile ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kule mjini, na matawi yake mawili ya huku kwetu, Kaloleni na Makadara. Jumamosi kundi la watu watano linaweza kukutana huko, mahali penye meza na utulivu, na karatasi zao. Pia kumbuka kwamba ramani ya maneno matupu hula data kidogo sana ikilinganishwa na video. Mkienda saiba, nendeni mkiwa mmeshachora kwenye karatasi, ili dakika mnazolipia ziwe za kuhamisha, si za kukuna kichwa.

Na stima je? Stima ikipotea katikati ya kazi, programu nyingi za mtandaoni huwa zimehifadhi zenyewe, lakini zile za ndani ya kompyuta hazina huruma. Bonyeza kitufe cha kuhifadhi kila mara. Mkimaliza, toeni nakala ya picha au PDF, ikiwezekana ichapishwe na kubandikwa ukutani.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni kuhusu usiri. Programu za mtandaoni huomba jina, barua pepe na umri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Njia salama ni darasa kutumia akaunti moja ya mwalimu, na wanafunzi kujitambulisha kwa jina la kundi badala ya majina yao kamili. Angalieni pia kama ramani yenu ni ya siri au inaonekana na ulimwengu mzima.

Ya pili ni kuhusu simu. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na makala haya yasigeuzwe kuwa kisingizio mbele ya mwalimu wa zamu. Sitaki kusikia mtu akisema, "Mwalimu, nilikuwa nachora ramani ya mawazo," kumbe alikuwa anatazama mpira.

TAMATI

Wahenga walisema elimu ni bahari, na baharini mtu hupotea asipokuwa na dira. Ramani ya mawazo ni dira nzuri, na mtandao umeifanya iwe rahisi kuirekebisha, kuishiriki na kuihifadhi. Lakini dira ya kununua haimfanyi mtu kuwa nahodha. Ningewaomba wanachama wenzangu waijaribu kwa mada moja tu muhula huu. Chagueni ile inayowatisha zaidi, iwe ni ngeli, uakifishaji, au tamathali za usemi. Fungeni kitabu, chukueni karatasi, mkae kimya kwa dakika kumi na mapengo yenu. Kompyuta itawangoja.

Walimu wetu nao, tafadhali tuulizeni mishale, msituulize orodha peke yake. Mkituuliza orodha, tutakremu orodha.

Haya, shime! Nawatakia masomo mema na matokeo ya kutia fora. Tukijaaliwa tutakutana tena katika toleo lijalo.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Kidato cha Tatu.